Bibi Aliyefia Katika Barua

Kila siku nikitoka shule, kabla sijavua viatu, bibi hunipokea kwa kunigombeza kutoka chumba cha ndani. Cherehani inanguruma, mlango umefungwa, redio ya jirani inapiga kelele, lakini yeye atasema tu, "Huo mguu wa kushoto una tope. Futa kabla hujaingia." Mpaka leo sielewi mtu anasikiaje tope. Bibi yangu ni fundi wa kushona sare za shule, ana miaka sabini na miwili, na masikio yake yanafanya kazi kuliko ya sisi wote. Ukifunua sufuria jikoni kwa kunyatanyata, atakuuliza unatafuta nini na chakula bado hakijaiva.

Nyumbani tuko watatu: bibi, mimi, na mama mdogo. Wazazi wangu wanafanya kazi mji mwingine na huja mwisho wa kila mwezi. Mama mdogo ni muuguzi wa kliniki ya masikio hospitalini. Siku mbili kwa wiki huzunguka mashuleni na kisanduku chake cha kupimia. Humvalisha mtoto vidude masikioni, humgeuza atazame ukuta, na kumwambia ainue mkono kila anaposikia mlio. Anasema kuna watoto huinua mkono hata pasipo na mlio wowote, kwa kuogopa kufeli.

"Nawaambia mtihani huu haufeliwi," husema huku akicheka, "lakini wapi! Mwanafunzi ni mwanafunzi tu."

Mimi darasani naitwa Kamusi. Mwalimu wetu wa Kiswahili ndiye aliyenibatiza jina hilo, kwa sababu siwezi kutumia neno jepesi wakati zito lipo. Wenzangu huandika "alilia", mimi huandika "alibubujikwa na machozi njia mbilimbili". Katika insha ya mwisho, ile ya siku nisiyoweza kuisahau, nilieleza nyumba yetu ilivyoteketea kwa moto, nikapata alama thelathini na nane kwa arobaini. Nyumba yetu haijawahi kuungua hata pazia. Mwalimu alijua hilo, maana anapita mbele yake kila asubuhi. Alitufundisha kwamba insha bila methali ni mboga bila chumvi, na kwamba tukio la kusikitisha humfanya msahihishaji atoe leso mfukoni. Nilimsadiki kabisa, na kwa insha za darasani hakunidanganya.

Mwaka huo mama mdogo aliamua kuomba nafasi ya kusoma shahada ya uzamili chuo kikuu. Hospitali ilikuwa imempa ruhusa ya kwenda masomoni, lakini ruhusa zenyewe huenda kwa zamu. Mwaka huu ni yeye, mwakani ni mwingine, na zamu yake ingerudi akiwa karibu kustaafu. Kwa hiyo ilikuwa sasa au basi. Alijaza fomu, akatafuta vyeti, akaandikiwa barua na daktari wake mkuu. Kikabaki kitu kimoja tu, karatasi iitwayo maelezo ya nia, ambayo mwombaji anaeleza kwa maneno yake mwenyewe kwa nini anataka kusoma.

Hapo ndipo alipoteleza kwenye ukumbi wa kliniki uliokuwa umetoka kupigwa deki, akavunjika kifundo cha mkono wa kulia. Akarudi nyumbani na plasta ngumu mpaka kiwikoni.

"Usijali," nikamwambia. "Wewe sema, mimi nitaandika."

"Ndiyo maana nakupenda," akasema. Alisema hivyo kweli, na baadaye maneno hayo yalinichoma sana.

Ijumaa jioni tukaketi mezani na kompyuta yake ya mpakato. Mama mdogo alisema polepole, macho yamekazia ukuta, mimi nikaandika. Hivi ndivyo alivyosema:

"Nimekuwa muuguzi wa masikio kwa miaka kumi na mmoja. Kila mwaka napima wanafunzi wapatao elfu mbili. Kila mwaka nakuta watoto ambao walimu wao wanawaita watukutu au wazito wa kuelewa, kumbe hawasikii vizuri. Sijui wako wangapi katika mji mzima. Sijui kwa nini katika shule moja wako wengi kuliko shule ya jirani yake. Nilidhani ni vumbi, kisha nikadhani ni kelele za karakana iliyo karibu. Nimepima, na bado sijui. Nataka kusoma ili nijifunze namna ya kutafuta jibu."

Akaegemea kiti.

"Halafu?" nikauliza.

"Halafu nini? Nimemaliza. Weka jina langu."

"Mama mdogo! Umesema 'sijui' mara tatu. Shuleni ukisema sijui unasimamishwa."

"Nimesema ukweli mara tatu," akajibu. Akasoma kwenye kioo cha kompyuta, mstari hadi mstari, akaniambia niongeze mkato mahali pamoja, akaridhika. Mwisho wa kupokea maombi ulikuwa kesho yake, Jumamosi, saa sita mchana. Asubuhi alikuwa na miadi ya kupigwa picha ya mkono hospitalini, na foleni ya huko haina mwenyewe.

"Saa nne ikifika na sijarudi, itume," akaniagiza. "Kila kitu kiko tayari. Ni kubonyeza tu."

Jumamosi asubuhi nikabaki na bibi. Yeye yuko chumbani anashona, mimi niko mezani na ile barua. Nikaisoma. Nikaisoma tena. Kusema kweli niliionea huruma. Haikuwa na methali hata moja, hakuna mvua, hakuna chozi. Nikafikiria watu wengine walioomba, wenye barua zilizonona, halafu hii ya mama mdogo wangu imekonda namna hii. Nilimpenda mno, nisingemwacha aaibike. Nikasema moyoni, nitaitia chumvi kidogo tu.

Nikachukua kitabu changu cha methali nikatafuta kila yenye sikio ndani yake. Nikaanza kuandika saa mbili na nusu. Saa nne kasorobo nilikuwa nimemaliza na kujipongeza. Ile ya kwanza sikuifuta. Niliihifadhi pembeni, na nikitazama nyuma naona kwamba moyo wangu ulikwisha kujua jambo ambalo kichwa kilikuwa kinakataa. Saa nne kamili nikabonyeza.

Mama mdogo aliporudi aliuliza, "Imekwenda?"

"Imekwenda," nikasema. Na kwa kweli ilikuwa imekwenda.

Zikapita wiki tano. Plasta ikatolewa, vidole vikabaki vigumu kidogo. Alasiri moja mama mdogo yuko uani anaanua nguo, simu yake ikalia mezani. Nikapokea. Alikuwa karani wa chuo, mama mwenye sauti ya upole. Alisema mama mdogo ameitwa kwenye usaili, Jumanne ya wiki inayofuata, saa nne asubuhi, aje aulizwe maswali na wajumbe watatu.

Nilitaka kuruka juu. Kisha yule mama akaongeza, "Na umwambie nampa pole sana kwa msiba wa mama yake. Mimi mwenyewe niliposoma nililia. Nadhani wajumbe watamuuliza habari zake."

Furaha yote ikaniyeyuka. Nikasema asante kwa sauti ndogo, nikakata simu. Cherehani ikanyamaza chumbani.

"Msiba wa nani?" bibi akauliza kutoka ndani.

"Hakuna, bibi. Wamekosea namba."

"Wamekosea namba, nawe umewaambia asante?"

Nilikimbilia uani nikampa mama mdogo habari ya usaili, nikaacha ile nusu nyingine. Alinikumbatia pamoja na nguo zote alizobeba, akacheka, akaniita tumbili wake, jina ambalo hakuwa ameniita tangu nikiwa chekechea. Nikacheka naye.

Siku nne nilizoishi baada ya hapo sizitamani tena. Shuleni mwalimu alinitaka nitaje kinyume cha "haba", nikamwambia, "Hai," mawazo yangu yakiwa kwa bibi. Darasa zima likacheka, na Kamusi akaketi chini akiwa hana neno.

Jumapili alasiri mama mdogo akaniita mezani. "Njoo, jifanye profesa. Nisomee maelezo yangu, halafu uniulize maswali makali. Usinionee huruma."

Nikafungua kompyuta. Barua mbili zilikuwa pale, moja chini ya nyingine. Kidole changu kikafungua ile ya kwanza, ile ya ukweli, nikamsomea hiyo. Akatikisa kichwa kwa kuridhika. "Naam, hayo ndiyo niliyosema." Akaanza kujibu maswali ambayo hata sikuwa nimeuliza, anaeleza kuhusu vumbi, kuhusu karakana, mikono inapaa hewani pamoja na kile kifundo kigumu. Alikuwa na furaha kama mtu aliyekwisha kufika. Nami nikamwona Jumanne, ameketi mbele ya watu watatu, mmoja anamwambia pole kwa msiba, naye hajui wanazungumzia nini.

Nikabubujikwa na machozi. Safari hii hayakuwa ya insha.

"Mama mdogo, hiyo siyo niliyotuma."

Mikono yake ikabaki hewani. "Umesema?"

"Niliibadilisha. Nilitaka upate."

Bibi alitoka chumbani na tepu ya kupimia shingoni, bila kuitwa. Akavuta kiti. "Isome hiyo uliyotuma," mama mdogo akasema. "Kwa sauti."

Nikasoma. Ningeomba ardhi ipasuke, lakini sakafu yetu ni ya saruji.

"Ama kwa hakika, wahenga hawakukosea waliponena kuwa penye nia pana njia. Ilikuwa siku ya mvua iliyonyesha kwa ghadhabu, wakati mama yangu mzazi, kiziwi tangu ujana wake, alipovuka barabara asisikie honi ya lori. Alikata roho mikononi mwangu. Maneno yake ya mwisho yalikuwa: mwanangu, nenda ukaponye masikio ya ulimwengu. Tangu siku hiyo naelewa fika sababu zote za uziwi. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na sikio la kufa halisikii dawa…"

"Ngoja, ngoja," bibi akanikatiza. "Huyo mama mzazi ni nani?"

"Ni… ni wewe, bibi."

"Mimi nimekufa?"

"Ndiyo, bibi."

"Kwa lori?"

"Ndiyo, bibi."

Bibi akafikiri. "Kufa sawa, kila mtu atakufa," akasema. "Lakini kiziwi! Mimi kiziwi! Mtoto huyu ana adabu kweli?" Kisha mabega yake yakaanza kutikisika, akacheka mpaka tepu ikamwanguka. Nami nikataka kucheka, nikamtazama mama mdogo, kicheko kikakatika.

Yeye hakuwa anacheka. Alisogeza kompyuta, akasoma tena peke yake, midomo ikienda kimyakimya. "Mimi nauguza masikio ya watoto," akasema hatimaye, "nawe umemwambia profesa kuwa sikio la kufa halisikii dawa."

"Ni methali tu, mama mdogo. Ina sikio ndani."

"Na 'naelewa fika sababu zote'. Miaka kumi na mmoja sijazielewa, wewe umezielewa asubuhi moja." Sauti yake haikupanda. Ingepanda ningefarijika. "Nimejitafuta humu tangu mstari wa kwanza mpaka wa mwisho, mwanangu. Sipo. Umemuua mama, sawa, mama anacheka. Lakini mimi umenifuta, na hukuniuliza."

Nililia nikasema nilimpenda, nilitaka tu apate nafasi. "Najua," akasema. "Ndiyo maana inauma."

Bibi akapangusa macho. Alikuwa amemwona binti yake uso ulivyomwanguka, akajaribu kumsaidia kwa njia yake. "Sikilizeni. Mimi sina neno. Nife hiyo Jumanne, saa moja tu, mkimaliza usaili nifufuke. Nani atajua?"

"Mama, sitakuzika ili nisome."

"Sasa nafasi ikipotea je? Zamu haitarudi."

"Ikipotea, imepotea."

Alisema hivyo kwa uthabiti, lakini niliona mkono wake mzima umeushika ule mwingine, unausugua na kuusugua. Kisha akavuta kompyuta mbele yake. Nikanyoosha mikono nimwandikie kama kawaida. Akasema, "Hapana. Nitaandika mwenyewe." Akaandika kwa vile vidole vigumu, herufi moja moja, kama kuku anayedonoa. Nikasimama nyuma yake bila kazi. Sikupigwa siku hiyo, lakini ningechagua kiboko kuliko kusimama pale.

Aliandika: "Maelezo yaliyotumwa kwa jina langu si ya kweli. Mama yangu ni mzima. Sikuyasoma kabla hayajatumwa, na kosa hilo ni langu. Naambatanisha niliyoyasema mimi. Nikiondolewa kwenye usaili nitaelewa." Akasoma mara mbili, akabonyeza.

"Kwa nini hukusema ni mimi?" nikauliza.

"Kwa sababu jina lililo chini si lako."

Jumatatu chuo kikajibu kwa mstari mmoja: usaili umeahirishwa, utajulishwa. Tukasubiri siku tisa. Mama mdogo alikwenda kazini, akarudi, akaniuliza habari za shule, akanitania kidogo. Hakuninunia. Lakini kila alipokuwa na barua ya kuandika aliiandika mwenyewe, hata ile ndefu ya kliniki iliyomchukua jioni nzima, nami nikawa nafanya hesabu zangu upande wa pili wa meza, nikisikia donoa, donoa. Siku ya kumi wakamwita.

"Utafuatana nami," akaniambia.

Ukumbi wa chuo ulikuwa mrefu, una benchi la mbao na mlango ulioachwa wazi kwa sababu ya joto. Mama mdogo akaingia, mimi nikaketi kwenye benchi. Ndani kulikuwa na wanaume wawili, na katikati yao mwanamke mfupi aliyefunga miwani yake kwa uzi. Huyo ndiye alikuwa profesa. Aliweka barua mbili mezani.

"Wenzangu walitaka tukufute," akaanza bila kuzunguka. "Nimewaomba tukusikilize kwanza. Nani alibadilisha hii?"

"Ilitoka kwenye kompyuta yangu, kwa jina langu," mama mdogo akasema.

"Hujanijibu."

Mama mdogo hakusema neno. Nikaona shingo yake kutoka nyuma, imenyooka, na nikaelewa kwamba atakaa hivyo hivyo mpaka nafasi imponyoke, kuliko kunitaja. Miguu yangu ikanisimamisha kabla sijaamua. Nikaingia bila kubisha.

"Shikamooni. Ni mimi. Ni mimi niliyemuua bibi."

Mmoja wa wale wanaume akadondosha kalamu.

Nikaeleza yote, kuanzia saa mbili na nusu mpaka saa nne, na kitabu cha methali, na ile simu niliyoificha. Nilipofika mahali pa bibi kuwa kiziwi, nikaongeza kwamba bibi yuko nyumbani anashona na anasikia kuliko sisi sote. Yule mwanamume wa kushoto akaziba mdomo kwa mkono. Profesa hakucheka.

"Barua yako ni nzuri," akaniambia. "Mwaka huu nimesoma barua sitini. Katika arobaini kuna mtu amefariki, na kila mara mvua ilikuwa inanyesha. Karani wetu ana moyo laini, yeye ndiye hulia. Mimi nilimwita mama yako mdogo kwa sababu ya barua ya daktari wake. Sasa niambie, unajua ungemharibia nini?"

"Nafasi yake."

"Zaidi ya nafasi. Muuguzi akiandika kuwa mtoto huyu anasikia na huyu hasikii, daktari hamwoni mtoto kwanza, anaona karatasi. Anaiamini. Mtu akishaleta karatasi moja ya uongo, ya pili nitaiaminije? Na hiyo ya pili huenda ni ya mtoto."

Sikuwahi kufikiria kwamba nyuma ya karatasi anaweza kuwako mtoto amegeukia ukuta, anangoja mlio.

"Umefanya vizuri kuingia," akasema, na sauti yake ikalegea kidogo. "Kaa pale pembeni. Usiseme kitu." Kisha akaigeukia ile barua ya kweli, akaweka kidole. "Haya, muuguzi. Umeandika 'sijui' mara tatu. Nianzie ya tatu. Ulipimaje kelele za karakana?"

Mama mdogo akavuta pumzi, akaanza. Alizungumza kwa muda mrefu. Alieleza jinsi alivyoazima kipimo cha sauti, akakaa darasani siku mbili, akagundua kwamba karakana yenyewe hufunga siku tatu kwa wiki, na bado watoto wale hawasikii. Alimtaja msichana wa dawati la nyuma aliyeitwa mkaidi miaka mitatu, ambaye siku ya kwanza ya kuvaa kifaa cha kusikia aliuliza ile sauti ya juu ya bati ni nini, akaambiwa ni mvua. Wale wanaume wakaacha kutazama saa. Profesa akauliza, mama mdogo akajibu, mara nyingine akasema tena, "Hilo sijui," na profesa akaandika kitu. Niliketi pale nikimtazama mama mdogo wangu, na nikaona aibu yangu upya. Mtu mzuri namna hii, mimi nilikuwa nimemfunika kwa mvua na lori.

Tulipotoka nje hakuniambia umefanya vema wala vibaya. Alinishika mkono tukavuka barabara.

Jibu lilikuja baada ya wiki mbili, alasiri, bibi akiwa wa kwanza kusikia simu ikitoa mlio wa barua pepe ndani ya mkoba uliofungwa. Mama mdogo akasoma akiwa amesimama. Kisha akaketi. Kisha akamtupia simu bibi, ambaye hawezi kusoma bila miwani, na bibi akapiga vigelegele kabla ya kuuliza imeandikwa nini.

Amepata.

Walipokwisha kukumbatiana, nami nikiwa katikati nimebanwa, mama mdogo akafungua kompyuta mezani. Wanataka jibu la kukubali, akasema. Akanyoosha vidole, akavikunja. Nikarudi nyuma hatua moja kumpisha.

"Unakwenda wapi?" akaniuliza. "Keti. Mimi nitasema, wewe uandike."

Sikuamini. Nikaketi taratibu, kama kiti chenyewe kinaweza kubadili mawazo.

"Lakini kwanza nisikilize," akasema, akaweka mkono wake begani mwangu. "Insha zako endelea kuziandika. Choma nyumba, nyesha mvua, ua watu wote unaotaka, hizo ni za kwako na kila mtu anajua ni insha. Ila mtu akikupa maneno yake umpelekee, hayo ni mzigo wa mwenzio. Unaufikisha kama ulivyokabidhiwa, hata ukiuona mwepesi. Ukiona una kasoro, mwambie mwenyewe. Usiufungue njiani ukatia vyako, hata kwa mapenzi. Na mimi nimejifunza langu: nisitie jina langu kwenye kitu ambacho sijakisoma. Tumesikilizana?"

"Tumesikilizana, mama mdogo."

"Njia ya mwongo ni fupi," bibi akachangia kutoka mlangoni, akipangusa macho kwa kipande cha kitambaa cha sare.

"Haya, andika," mama mdogo akasema. "Nakubali nafasi mliyonipa. Nimefurahi sana. Nukta."

Nikaandika: Nakubali nafasi mliyonipa. Hapo vidole vyangu vikaanza kuniwasha. Vilitaka kuandika "nimefurahi furaha isiyo kifani", vilitaka hata kuweka tone la chozi shavuni. Nikaviacha viwashe. Nikaandika: Nimefurahi sana. Nikaweka nukta.

Mama mdogo akainama, akasoma neno kwa neno, akanitazama, akasoma tena. Kisha yeye mwenyewe akabonyeza.